Mkuu, usibonyeze hiyo lupu kabla hujafuata waya

Weka laptopu chini kwanza. Umeuliza ununue vifaa gani, usome nini, zamu zikoje, na kama fundi aliyezoea redio na simu anaweza kuhamia mawasiliano ya shirika la umeme. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo tu, ukatupia kwamba mkubwa wako anakutuma keshokutwa peke yako kwenye kituo cha kupozea umeme ukaweke lupu, yaani uigeuze ishara irudi ilikotoka ili upime njia, kwenye chaneli inayosumbua, na kwamba amekutoa wasiwasi kwa kusema "mawasiliano hayazimi umeme". Hapo nimeganda. Mengine yote nimeyasoma juu juu, utanisamehe.

Maneno hayo hata mimi niliambiwa, hivyo hivyo yalivyo. Nikaenda nayo kituoni, nikazima laini ya msongo mkubwa. Mara mbili.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Kwenye raki kulikuwa na maltipleksa, ile mashine inayokusanya simu za vituo, data za vipimo na takataka nyingine, inazipitisha pamoja kwenye faiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga, iliyofichwa ndani ya ule waya wa juu kabisa wa minara. Chaneli moja taa yake ilikuwa nyekundu, inazimika, inawaka tena. Lebo, kwa kalamu ya wino mzito: AKIBA. Nikampigia mkubwa wangu. Akasema haina kitu hiyo, piga lupu tuone. Nikamuuliza niwaarifu chumba cha udhibiti? Akacheka. "Unawaarifu nini, unapima simu?"

Programu ya ile mashine ina lupu mbili. Moja inarudisha ishara upande wa faiba, kuelekea kituo cha pili. Nyingine inairudisha kwenye kifaa kilichochomekwa hapo hapo kituoni. Ya kwanza haikunionyesha chochote, nikabonyeza ya pili. Taa ikageuka kijani. Nakumbuka nilitabasamu, kofia ngumu kichwani, peke yangu chumbani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Tabasamu halijaisha, nikasikia paa! kutoka uwanjani, mlio mmoja mzito, kioo cha dirisha kikatetemeka.

Unadhani nilijua ni breka, ile swichi kubwa inayokata laini? Nilidhani gari limegonga geti. Nikaendelea kuandika kwenye daftari: "Chaneli ni nzima."

Sasa elewa kilichotokea, maana mimi nilielezwa siku nimeshaharibu. Ile "akiba" ilikuwa inabeba mazungumzo ya relei mbili za kinga, vifaa vinavyoilinda laini na kuiamuru breka ikate, moja kila mwisho wa laini. Wachukulie kama walinzi wa mageti mawili ya uwanja mmoja. Huyu anasema wameingia 400, yule anajibu wametoka 400, hesabu inafunga, wanaendelea na kazi. Kwenye laini ni ampea badala ya watu. Lupu yangu ilimfanya mlinzi wa kwanza asikie sauti yake mwenyewe akidhani ni ya mwenzake. Wameingia 400 huku, wameingia 400 na kule, hakuna hata mmoja aliyetoka. Kwa hesabu yake kuna 800 wamepotelea ndani. Akafunga geti. Relei haikukosea hata kidogo, ndiyo kazi yake kuona tofauti na kukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba chaneli ilipokuwa mbovu, relei ilikuwa inajua haimsikii mwenzake, kwa hiyo ile hesabu ilikuwa imeisitisha. Laini ilikuwa salama kwa ubovu wake! Mimi na taa yangu ya kijani ndio tuliomrudishia masikio.

Chumba cha udhibiti wakajaribu kurudisha laini. Lupu bado ipo. Mzigo ukaanza kupita, paa! tena. Hapo ndipo jasho lilinitoka, maana magari mawili hayawezi kugonga geti moja ndani ya dakika chache.

Mtu wa kinga, fundi wa relei hizo, alipofika hakuniuliza swali. Aliishika ile faiba pale inapochomekwa, akaifuata kwa vidole chini ya raki, kwenye mfereji wa sakafuni, kupitia tundu la ukuta, mpaka nyuma ya paneli ya relei chumba cha pili. Hatua kumi na moja. Nilikuja kuzihesabu baadaye. Hatua kumi na moja zingeniokoa na miezi mitatu ya kuhesabu skrubu stoo, maana ndiko nilikopelekwa.

Mkubwa wangu je? Kwenye taarifa aliandika "fundi hakufuata taratibu". Taratibu! Wakati simu nilimpigia yeye. Watu wa aina hii ni hatari kuliko limbukeni, kwa sababu kweli amefanya hivyo miaka na miaka bila madhara. Lakini amefanya kwenye chaneli za simu kweli, au usiku wa manane mzigo ukiwa mdogo, ukiuzidisha mara mbili haufiki hata kiwango cha kuishtua relei. Bahati yake akaiita uzoefu. Na aliyefunga zile relei naye simwachi. Relei nyingi za sasa hupewa namba ya utambulisho kila upande, ikisikia namba yake yenyewe inajua hii ni lupu na inanyamaza. Zetu zote mbili ziliachwa na namba moja ile ile ya kiwandani. Yeye hakuhesabu skrubu hata moja.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja tu, na wenzangu wananitania nayo: waya hauna jina mpaka umeufuata kwa mkono hadi unapoishia. Lebo ni maoni ya mtu aliyehama kazi. Mchoro ni maoni yake akiwa amevaa tai. Ukikuta unaishia kwenye relei, mikono mfukoni, mpaka mtu wa kinga aiondoe kazini ile kinga pande zote mbili za laini, siyo upande wako tu, na msimamizi wa zamu akutajie jina la laini kwa mdomo wake, wewe ulirudie, aseme ndiyo. Mkubwa wako kusema "nimeshaongea nao" haihesabiki.

Haya, vifaa. Mita nzuri, kipima mwanga cha faiba, na vya kusafishia ncha, maana nusu ya "hitilafu" ni vumbi. Na wewe wa redio, angalia betri: umezoea volti 12, upande hasi ukiwa ndio ardhi. Huku ni volti 48, chaja ikiwa kazini utasoma kama 54, na kwa kawaida ardhi ni CHANYA. Bisibisi yangu moja ina kidonda mpaka leo. Vile visanduku vya chini ya kapasita za laini, vinavyopitisha mawasiliano juu ya waya wa umeme wenyewe, usifungue kabla swichi yake ya ardhi haijafungwa ikakiunganisha na ardhi. Hapo huhesabu skrubu, unahesabiwa wewe.

Zamu na kozi nitaandika siku nyingine. Sasa hivi nijibu hili: hiyo chaneli ya keshokutwa, lebo yake imeandikwaje, na lini mara ya mwisho mtu aliinama chini ya raki akaona inaishia wapi?