Mfunge, lakini si kwenye shina la mwembe

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Mbwa wa nyumbani afungwe mchana, au aachwe huru uani?" Najua majibu mengi yatakayowafikia: afungwe mchana ili usiku awe mkali. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu wanaoilipia ni watoto na wauza maji, si wezi.

Mbwa huru akitishwa ana njia mbili, kukimbia au kupambana. Ukimfunga mnyororo mfupi umemnyang'anya ya kwanza. Halafu kuna jambo anajifundisha mwenyewe kutwa nzima: mtu anapita, yeye anabweka, mtu anatokomea. Yule alikuwa anakwenda zake sokoni, lakini mbwa anaamini ni yeye aliyemfukuza, na kesho ataanza kubweka mapema zaidi. Ongeza mawe ya watoto wanaotoka shule. Usiku ukimfungulia, hatamtofautisha mwizi na shemeji aliyecheleweshwa na basi. Wale wanaolisha mbwa pilipili nao waache. Inampa kuhara tu.

Ulinzi unajengwa utotoni. Mchukue akiwa na wiki 8, si kabla, na kati ya hapo na wiki ya 14 aone kila kitu ambacho hutaki akiogope baadaye: bodaboda, mwavuli, mtu mwenye dumu kichwani, kanzu, baibui, watoto wanaokimbia. Wakati huo chanjo zake hazijakamilika, na virusi vya parvo, vinavyoharisha damu na kuua watoto wa mbwa, hukaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo mbebe mikononi wala usimshushe jalalani au walipopita mbwa wasiojulikana. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata akifikisha miezi 3, kisha inarudiwa kila mwaka. Dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mbwa aliyelelewa hivyo anajua kipi ni cha kawaida, ndiyo maana kisicho cha kawaida anakiona.

Lakini wengi wanaouliza swali hili hawana kitoto, wana mbwa mzima aliyekwisha kuharibika. Hapo namkumbuka Simba wa Kihonda, Morogoro, chotara wa jamani shepadi, mweusi mwenye miguu ya kahawia. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, kiwanja hakina ukuta, na nyuma ya jiko kuna kinjia ambacho mtaa mzima hukatizia kwenda bombani. Simba alifungwa kwenye mwembe uliopo kando ya kinjia hicho. Mnyororo wake ulikuwa kama mita mbili, ila kufikia saa tatu asubuhi alikuwa ameshauzungushia shinani ukabaki wa kufika kifuani tu. Sufuria ya maji aliipindua mapema. Kivuli cha asubuhi, saa nane mchana kilikuwa upande ambao hawezi kuufikia.

Siku moja akamuuma muuza maji kwenye shavu la mguu. Wakubwa wa mtaa waliokuwepo walifanya la maana: jeraha likaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na majeruhi akapelekwa hospitali siku ileile kuanza sindano. Vijana walikuja na marungu kutaka kumuua mbwa, mwenyekiti wa mtaa akawazuia. Alikuwa sahihi. Mbwa aliyeuma anafungiwa mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, maana yake siku aliyouma mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Ukimuua na kumtupa, umetupa jibu. Hata mbwa mwenye kadi ya chanjo anaangaliwa siku hizohizo.

Katika siku hizo mpwa wa yule mama, aliyewahi kutunza mbwa wa kampuni ya ulinzi, alimkagua. Mkanda wa shingo ulikuwa wa tangu udogoni. Haukuwa umelegezwa hata tundu moja, na upande wa chini ulikuwa umeingia kwenye ngozi, unatoa harufu. Aliukata kwa mkasi taratibu, akanyoa manyoya kuzunguka kidonda, akawa anaosha mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Bahati hakukuwa na funza, maana hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Mkanda mpya wa ngozi, mpana, uliachwa unapitisha vidole viwili, nao haukuvalishwa mpaka kidonda kilipokauka. Kwenye masikio na katikati ya vidole kupe walijaa. Aliwatoa kwa kibano, na akakataa katakata dawa ya josho la ng'ombe ambayo jirani aliileta kwenye chupa ya soda bila lebo. Dawa kama hiyo ikikisiwa vipimo, mbwa hutokwa mate, hutetemeka, na anaweza kufa.

Kisha mwembe ukaachwa. Upande wa pili wa nyumba, mbali na kinjia, vikasimamishwa vipande viwili vya bomba la chuma, mita 8 kati yake, na waya wa chuma wa milimita 5 ukavutwa juu kidogo ya kichwa cha mtu. Pete inateleza kwenye waya, mnyororo umefungwa kwenye pete kwa kiungo kinachozunguka ili usijisokote, na urefu wake unamruhusu alale vizuri. Kabla ya kila nguzo, mbali kiasi cha mnyororo kutoifikia, kuna klampu inayozuia pete, asije akajizungusha kama kule mwembeni. Maji yakawekwa kwenye ndoo iliyokaa ndani ya tairi kuukuu. Chini ukachorwa mstari wa majivu, hatua moja nje ya mwisho wa mnyororo, watoto wakaambiwa huo ndio mpaka. Mvua ikiufuta unachorwa tena.

Mazoezi yalikuwa ya dakika kumi, asubuhi na jioni kabla hajala. Mtu anatokea mbali, pale ambapo Simba anamwona lakini hajaanza kubweka. Akitokea tu, vipande vya maini ya kuchemsha, vidogo kama maharage, vinaanza kudondoka, akiondoka vinakoma. Siku mbwa anapotulia kabisa, mtu anasogea hatua mbili. Akibweka, mmesogea haraka mno, kesho rudini nyuma. Wengi huharibu hapa: wanataka kufika karibu siku ya kwanza, au wanampiga mbwa anapobweka, naye anajifunza kwamba wageni huja na kipigo. Nyumba nzima ikakubaliana pia neno moja la kila jambo, maana awali mama alisema "kaa", watoto "sit", na mpwa "tulia".

Baada ya miezi kadhaa muuza maji mwenyewe alikuwa anamrushia dagaa. Basi wakamfungulia mchana. Wiki haikwisha, Simba akala kuku watatu wa jirani na nusura agongwe na bajaji. Kuku wakalipwa, Simba akarudi kwenye waya.

Kwa hiyo, niliyoyasema mwanzoni nayapunguza. Nilikuwa nafikiria nyumba zenye ukuta na geti, na nyingi za mitaani kwetu hazina. Mwenye ukuta amwache mbwa huru, na kwenye kibao cha "Mbwa mkali" aongeze kengele. Asiye na ukuta, jibu langu ni amfunge, ila kwenye waya, si shinani, mbali na njia, na afunguliwe kwa matembezi ya kamba kila siku, walau nusu saa alfajiri na nusu saa jioni. Waya usiwe karibu na uzio mfupi: akiruka upande wa pili atajinyonga. Chini ya miezi 6 asifungwe peke yake, na mkanda wa anayekua ukaguliwe kila wiki. Jike lililo kwenye joto, yaani linalotaka dume, lisikae kwenye waya hata saa moja, kwa sababu madume yatamkuta hana pa kukimbilia. Huyo anahitaji banda lenye mlango na komeo kwa muda wa wiki tatu, au daktari amfunge kizazi mapema, jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuwa swali lenu la wiki ijayo.