Toyota 86 imegongwa na bima inataka usaini: gari lifunguliwe kwanza

Mkuu, pole sana. Nimekuelewa hivi: 86 yako imegongwa kona ya mbele kushoto, Mafinga, na pikapu iliyoingia barabara kuu bila kusimama, bima unayo kubwa, asesa (mkadiriaji wa hasara) wa kampuni amefika akapiga picha gari likiwa limefungwa vilevile, na sasa unaambiwa uchukue milioni 7 taslimu, usaini, ukatengeneze unakokujua. Unauliza usaini au uache.

Usisaini. Gari langu ni ZN6, kodi ya chesesi ya 86 hizi, kama lako, na liligongwa kona hiyohiyo ya mbele kushoto, pale Uyole njia panda ya Tukuyu, na Canter iliyojaa viazi. Najua kilichojificha nyuma ya bampa lako kuliko anavyojua aliyelipiga picha kwa simu.

Gari hili kwa nje linaonyesha madhara madogo kuliko yaliyopo ndani. Toyota na Subaru walilitengeneza pamoja, likatoka 2012, injini ni boksa ya Subaru, FA20, imelazwa chini kabisa ili uzito ukae karibu na lami. Chini ya injini hiyo kuna krosimemba, chuma kinene kinachokatiza upande hadi upande, na ndiyo inayoshika loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi), stelingi reki na injini yenyewe. Gari likikupiga kwenye bampa na tairi kwa pamoja, nguvu inapitia kwenye rimu, inaingia kwenye loa amu, inaishia kwenye krosimemba. Bampa unaliona limepasuka, taa imevunjika, fenda imekunjika. Krosimemba iliyosogea huioni mpaka gari liwe juu na bampa, rejeta na kava za chini viwe vimetolewa.

Kwangu asesa wa kwanza aliandika bampa, taa, fenda, boneti "kunyoosha", na rangi. Basi. Nikapeleka gari kwa fundi bodi mmoja mtu mzima upande wa SIDO, Mwanjelwa, nikamwomba aniangalizie tu. Akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaiweka kwenye boneti, ikateleza ikaanguka. Akaiweka kwenye fenda, ikanasa. Akaniambia, "Kijana wangu, hii boneti si bati, ni alumini. Anayekwambia anainyoosha kwa gesi na nyundo atakupasulia." Kweli, boneti ya 86 ni alumini kutoka kiwandani. Ikikunjika kwenye kingo, kuigonga na kuipasha moto kama ya Corolla kunaiharibu, na hata ikikubali umbo inabaki na pati nene inayopasuka baadaye. Inabadilishwa. Tayari hapo makadirio yalikuwa na kosa la pesa nyingi.

Kilichonifungua macho hasa ni alichofanya baada ya hapo. Alichukua futi ya chuma, kijana wake akashika upande wa pili, wakapima kutoka juu ya shokapu ya kulia mpaka tundu la boliti la mbele kushoto, kisha wakapima mshazari wa pili, shokapu ya kushoto mpaka tundu la kulia. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa vilingane. Vilipishana kwa zaidi ya sentimita moja. Akaandika kwa chaki kwenye sakafu, namba mbili juu chini, nikapiga picha. Picha hiyo ndiyo niliyoambatanisha kwenye barua yangu kwa kampuni, na ndiyo iliyomrudisha asesa.

Kwa hiyo jambo la kufanya wiki hii ni hili: andika barua, si kupiga simu, uombe gari lifunguliwe gereji mbele ya asesa ili yafanyike makadirio ya nyongeza. Taja namba ya hati yako ya bima na namba ya madai. Waambie huwezi kukubali kiasi chochote kabla ya madhara ya ndani kujulikana. Pata nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiruhusu fundi abadilishe hata boliti kabla asesa hajaona, kwa sababu kitu kilichotengenezwa kabla ya kukaguliwa wana haki ya kukikataa. Vipuri vyote vilivyotolewa viwekwe pembeni, visitupwe wala kuuzwa skrepa.

Langu lilipofunguliwa ikaonekana kondensa imetoboka, rejeta imepinda masikio, fremu inayoshika rejeta imekunjika, loa amu imepinda, habu (kitovu cha tairi chenye beringi) inalia, na krosimemba imesogea. Makadirio yalipanda zaidi ya mara mbili. Ningechukua fedha taslimu za mwanzo, hayo yote yangekuwa mzigo wangu, kwa sababu ile karatasi ya dischaji unayopewa usaini inasema umepokea malipo kamili na ya mwisho. Ukishasaini, ukirudi na krosimemba mkononi watakuonyesha saini yako.

Hebu chukua hati yako ya bima uangalie mambo mawili kabla hujaandika barua. La kwanza ni thamani uliyoandikisha. Bima kubwa ya gari binafsi kwetu kwa kawaida inahesabiwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na juu yake VAT ya asilimia 18. Gari la milioni 30 ni milioni 1.05, ukiweka VAT inakuwa 1,239,000. Wengi wanashusha thamani ili walipe kidogo. Sasa kama gari ni la milioni 30 na umeandika 20, kampuni inaweza kusema umekatia bima theluthi mbili tu ya gari, basi na hasara watakulipa theluthi mbili: hasara ya milioni 9 unapata 6, kisha wanatoa eksesi, yaani kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Kama ndivyo kwako, hiyo 7 waliyokutajia huenda tayari imekatwa. Waombe mchanganuo wa maandishi, kila kipuri na bei yake, makato ya uchakavu, eksesi. Kiasi kitupu bila mchanganuo usikijadili.

La pili ni rimu, egzosti na springi kama ulibadilisha. Kama havikuandikwa kwenye fomu ya maombi, tarajia walipe vya kiwandani tu. Mimi rimu zangu zilikuwa zimetajwa na zikalipwa.

Kuhusu polisi sitakaa sana. Hakikisha ajali imeandikishwa kituo cha eneo ilipotokea, ramani imechorwa, gari limekaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi, na unafuatilia ripoti zao, PF 90 (ripoti ya polisi ya ajali) ikiwamo. Kama kuna aliyeumia hata kidogo, PF3 ichukuliwe. Huyo dereva wa pikapu akikiri kosa au akihukumiwa, tafuta nakala. Na namba ya gari lake ihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni, uone kama bima yake ilikuwa hai siku ya ajali na ni ya kampuni gani. Usiamini stika wala maneno.

Kwa nini ujisumbue na bima yake wakati una kubwa? Kwa sababu ya eksesi. Kampuni yako ikishakutengenezea, yenyewe ina haki ya kumgeukia aliyesababisha na kampuni yake. Eksesi uliyobeba wewe, pamoja na gharama ya brekidauni iliyolivuta gari kama hawakuirudisha, unaweza kuidai kwenye bima ya huyo aliyekugonga, hata kama ni ndogo, ile ya mtu wa tatu. Waambie kampuni yako waiunganishe kwenye madai yao. Wengi hawajui hilo na kampuni haziwakumbushi.

Sasa gereji. Kampuni ikikupeleka gereji yao, nenda, lakini uliza swali moja: wanavuta chesesi kwa kifaa gani? Niliyopelekwa kwanza walitaka kulifunga mnyororo kwenye nguzo na kulivuta kwa gari jingine, huku wakipasha moto kwa gesi. Nilikataa hapohapo. Vyuma vya mbele vya magari haya ni vigumu vya aina maalumu, vimepangwa vikunjike kwa utaratibu ajali ikitokea ili nguvu isimfikie aliyekaa ndani. Ukivipasha moto unavilainisha, na ajali inayofuata havitafanya kazi hiyo. Nikaandika barua nyingine, nikaeleza, wakakubali gari liende Dar kwenye gereji yenye mashine ya kuvuta yenye vipimo. Ndiyo, ni safari ndefu kulibeba kupitia Kitonga juu ya brekidauni, na walilalamikia gharama. Lakini kutoka Mafinga wewe upo karibu kuliko mimi. Rangi na bodi nilifanya hapahapa Mbeya, na kazi ilikuwa safi.

Vipuri: usitafute kwa jina la 86 peke yake. Ndugu yake ni Subaru BRZ, kodi ZC6. Rejeta, loa amu, habu, krosimemba, vitu vya chini na vya injini vinaingiliana, na mara nyingi chenye nembo ya Subaru ndicho kinachopatikana. Bampa na taa haviingiliani, ni vya sura tofauti. Na hata kati ya 86 zenyewe, sura ya mbele ilibadilishwa 2016, kwa hiyo bampa la gari la 2013 halikai kwenye la 2017. Mpe muuzaji wa Kariakoo namba nzima ya chesesi, na asesa aandike namba za vipuri kwenye ripoti. Kama hati yako inaruhusu vipuri vya mtumba kutoka Japani, kwa bampa na taa sina tatizo navyo. Kwa loa amu na habu sikubali, kwa sababu hujui gari lililokatwa liligongwa wapi.

Hukusema kama eabegi zilifyatuka. Kama zilifyatuka, hapo ndipo pa kuwa mkali kuliko kote. Kinachobadilishwa si eabegi peke yake: mikanda ya mbele nayo ina kifyatuo kinachojikaza mara moja tu, na kompyuta ya eabegi huhifadhi kumbukumbu ya ajali. Kuna mafundi wanaoweka rizista badala ya eabegi ili taa ya dashibodi izimike, au wanaichomoa taa kabisa. Siku ya kuchukua gari fungua swichi bila kuwasha: taa ya eabegi inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna kitu kimechezewa. Ikizima vizuri, bado omba gari lipigwe mashine ya kusoma na upewe karatasi, na uone eabegi mpya ikifungwa kwa macho yako. Kuna mtu atakaa kiti cha pembeni mkishuka Kitonga usiku, na hatajua chochote kuhusu rizista.

Kabla ya kusaini kwamba umeridhika, liendeshe. Mimi nilitoka Uyole nikaenda mpaka Inyala nikarudi. Kwenye tambarare legeza mikono kidogo uone kama linavuta upande. Kwenye mteremko kanyaga breki kwa utaratibu usikie kama stelingi inatetemeka. Kona za kulia na kushoto zilinganishe kwa sauti, habu mbovu inalia ukilala upande mmoja. Kisha nenda wili alaimenti ya kompyuta, udai chapa ya vipimo vya kabla na baada. Kama kambi (mlalo) ya tairi la kushoto imepishana sana na ya kulia na fundi anasema "hiyo hairekebishiki", huenda krosimemba au chesesi bado haijakaa sawa. Rudisha gereji. Usikubali wakuambie litazoea.

Na kama kampuni itakaa kimya baada ya barua zako, usiende kugombana na karani wa kaunta. TIRA ina ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, peleka nakala za barua na hati yako. Mkishindwana kabisa juu ya kiasi, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009. Kwangu ilitosha kuandika chini ya barua kwamba nakala imekwenda TIRA, asesa akapiga simu mwenyewe.

Ukipata makadirio ya nyongeza weka picha ya orodha hapa, ficha namba za gari na za madai. Nitaipitia kipuri kwa kipuri na langu lilivyokuwa, nikuonyeshe ambacho hakimo.