Maswali na majibu: GDB na opereta za lugha yako

Mwalimu, programu yangu ina sehemu za Pascal na za C. Jana niliandika `print x = 5` ndani ya GDB (dibaga, yaani programu ya kutafutia kasoro za programu nyingine), ikanijibu tu kwamba si kweli. Leo amri hiyohiyo imeigeuza x kuwa 5. Dibaga ina kasoro?

Haina. Katika Pascal alama ya = hulinganisha; katika C hutia thamani. Leo ulikuwa umesimama ndani ya C, kwa hiyo GDB imeandika 5 kwenye kumbukumbu ya programu yako bila kukuuliza. Huitambua lugha kwa taarifa zilizoachwa na kompaila, na huibadili kila unapohamia fankisheni ya lugha nyingine. Jizoeze kuandika `show language` kwanza. Ukitaka isibadilike, andika `set language pascal`.

Nina lugha yangu ndogo, nayo ina opereta ya kipeo, `**`. Nianzie wapi kuifundisha GDB?

Anza kwa kutazama kilichopo. Katika msimbo wa GDB, faili la std-operator.def tayari lina BINOP_EXP, ambayo Fortran huitumia kwa kipeo. Huna haja ya kuunda opereta mpya. Kazi yako ni sarufi.

Na sarufi ndiko wengi wanakoteleza. Kila lugha ina faili lake la sarufi: c-exp.y la C, p-exp.y la Pascal, f-exp.y la Fortran. Sehemu inayokata maandishi vipande vipande lazima iitafute `**` kabla ya `*`. La sivyo utaangukia maana ya C, ambako `a ** b` ni a mara kile ambacho pointa b inakionyesha! Kisha amua upande wa kushikana. Kipeo hushikana kutoka kulia: `2**3**2` ni 512, si 64. Katika faili la Bison (zana inayogeuza sarufi hiyo kuwa msimbo), mstari wa %right ulio chini zaidi ndio wenye nguvu zaidi, basi uweke chini ya ule wa kuzidisha.

Tahadhari moja, ndugu yangu: maelezo ya zamani yatakufundisha kuhesabu nafasi za vipande vya usemi (expression, kama `x + 1`) ndani ya safu moja ndefu. Achana nayo. Tangu GDB 11 ya mwaka 2021, usemi ni mti wa vitu vya C++, na kila tawi lina evaluate yake, yaani fankisheni ya kukokotoa thamani yake. Ni nafuu kubwa mno.

Opereta niliyoongeza hubadilisha kigeu hata ninapoomba `ptype` tu. Kwa nini?

Kwa sababu evaluate yako haikutazama hali iliyopewa. `ptype` na `whatis` huiita kwa EVAL_AVOID_SIDE_EFFECTS, yaani: niambie aina ya jibu, usiguse kitu. Rudisha thamani tupu ya aina sahihi. Hili usilipuuze hata kidogo. Anayeuliza aina tu hatarajii programu yake iguswe.

Kwa nini + ya C++ niliyoiandika mwenyewe inakataa kwenye faili la core (nakala ya kumbukumbu inayoachwa programu inapoanguka)?

Hiyo ni fankisheni ya programu yako, na programu imeshakufa. Soma sehemu za ndani za kitu moja moja.

Nikitaka opereta ambayo haimo kabisa katika lugha?

Usiiongeze kwenye sarufi. Andika kwa Python darasa linalorithi gdb.Function, uiite kwa alama ya dola, mfano `$urefu(orodha)`. Hutahitaji kuijenga GDB upya.