Maswali ya Wasomaji: Kutu Inayokula Chesisi kwa Ndani

Tangu tulipoandika juu ya breki zinazokamata baada ya gari kuingia maji ya bahari, barua nyingi zimekuja zikiuliza jambo moja: chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Tunajibu sita hapa. Barua mbili zilizouliza kitu kilekile tumeziunganisha.

Naishusha gari yangu pwani mara mbili kwa wiki kuvuta boti, na kila nikirudi naiosha chini kwa mpira. Juzi fundi kaigonga chesisi pale inapokaa springi ya nyuma, nyundo ikazama. Rangi ya nje ilikuwa nzima kabisa! Gari ni Escudo ya 1997. Imekuwaje?
*Dereva, Nungwi*

Imekuwa kwa sababu uliosha upande usioumwa. Escudo za miaka ile zimejengwa kama paa la nyumba: boriti mbili ndefu, na pau zilizokingama kati yake. Boriti hizo ni za bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa likawa sanduku refu, tupu ndani. Kiwandani huachwa tundu nyingi, nyingine za kushikia kazi, nyingine za kutolea maji. Gari ikipita kwenye maji ya kufika kwenye ekseli, tundu hizo hizo za kutolea zinakuwa za kuingizia. Maji yanaingia na mchanga, maji yanatoka, mchanga unabaki, na chumvi inabaki ndani ya mchanga.

Kuna jambo moja kuhusu chumvi ya bahari ambalo mwenye gari kisiwani lazima alijue. Si chumvi ya jikoni tupu. Imechanganyika na magnesiamu kloridi, na hiyo huvuta maji kutoka hewani hata unyevu wa hewa ukiwa kama asilimia 33 tu. Chumvi ya kawaida husubiri mpaka kama asilimia 75. Hewa yetu haikauki kufikia hiyo 33 hata kiangazi kikali, kwa hiyo ule mchanga ulioko ndani ya boriti haukauki. Gari imeegeshwa kivulini wiki nzima, haijagusa maji, na kutu inafanya kazi usiku na mchana.

Pale penye springi ya nyuma huoza mwanzo kwa sababu boriti hupanda juu kuivuka ekseli, kisha hushuka. Uchafu hujikusanya bondeni, na hapo hapo pamechomelewa vipande juu ya vipande, kila mshono ukiwa mfuko wa kushikilia maji.

Sasa kwa gari yako: nyundo ikishazama, hiyo si kazi ya dawa tena. Ni ya fundi wa kuchomea. Mwambie akate mpaka afike kwenye chuma kizima, hata kama kipande kitakuwa kikubwa kuliko ulivyotarajia, kisha aweke bati la unene uleule wa boriti, kwa kawaida milimita 2 hadi 3. Akikubandikia kiraka juu ya chuma kilichooza, atakuwa ametengeneza mfuko mwingine. Tangi la mafuta litolewe kabla ya kuchomea, na betri ifunguliwe. Dawa ya ndani ipigwe baada ya kuchomea, kamwe si kabla: nta na mafuta ndani ya boriti hushika moto, na moto wa ndani ya sanduku ni mgumu kuuzima.

Nina Prado ya kubebea wageni, chesisi bado nzima. Naomba utaratibu wa kuisafisha na kuipaka dawa ndani, hatua kwa hatua, pamoja na vipimo.
*Wasomaji wawili, Paje na Jambiani*

Kwanza chagueni wakati. Kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari, vuli imepita na masika hayajafika; au Julai hadi Septemba. Tengeni siku saba, na tatu katika hizo gari itakuwa imekaa juani tu. Mwenye haraka asiianze kazi hii.

La pili ni maji, na hapa ndipo watu wa pwani ya mashariki wanapojiharibia. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya munyu. Onjeni: ulimi ukihisi chumvi, maji hayo hayafai hata kama mnaogea kila siku. Tumieni ya bomba au ya mvua. Andaeni pipa mbili za lita 200. Mashine ya kuoshea kwa presha hula kama lita 6 hadi 8 kwa dakika, kwa hiyo pipa moja ni nusu saa tu ya kazi.

Inueni mbele ya gari kiasi cha sentimita 30 na ikae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Toeni vizibo vyote vya mpira kwenye boriti, na kwa waya mgumu mzibue kila tundu ya chini. Anzeni kwa mpira wa kawaida, maji mengi bila nguvu, mkiingizia mbele yatokee nyuma, ili matope yalainike. Presha kubwa tangu mwanzo huyasukuma matope makavu pembeni na kuyashindilia. Yakishalainika ndipo mlete mashine, na mfunge ile ncha ya kuzibulia mabomba ya vyoo: ina vitundu vinavyotazama nyuma, hivyo hujivuta yenyewe kwenda mbele na kuwarudishia uchafu mlipo. Wekeni ndoo nyeupe chini ya tundu. Mtashangaa kinachotoka: mchanga, vipande vya makombe, magamba ya kutu kama maganda ya vitunguu. Endeleeni mpaka ndoo ijae maji meupe mara tatu mfululizo, kisha mgeuze, muinue nyuma mrudie.

Anayeweza kuazima kile kipimo cha kalamu kinachopimia ubora wa maji ya kunywa, apime maji ya pipa kwanza, halafu yanayotoka kwenye boriti. Namba mbili zikikaribiana, chumvi imetoka. Ndoo nyeupe inaonyesha matope tu, chumvi haionekani.

Kukausha. Toeni maji kwa upepo wa kompresa, lakini kwanza fungueni koki ya chini ya tangi lake mmwage maji yaliyojikusanya, maana kompresa za huku hutapika maji. Kisha gari ikae juani siku tatu, tundu zote wazi. Wenye feni au mashine ya kupulizia majani waelekeze upepo ndani ya boriti. Kuna jaribio rahisi: fungeni kitambaa kikavu kwenye waya, mkipitishe ndani urefu wote, mkitoe. Kikitoka na unyevu, subirini kesho. Kupiga dawa juu ya maji ni kuijengea chumvi nyumba, na ni bora msiipige kabisa.

Dawa yenyewe ziko aina mbili zinazofaa ndani: za nta na za lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Ya nta hukaa muda mrefu zaidi lakini ikikauka huweza kupasuka. Ya lanolini haikauki, huendelea kutambaa na kuingia kwenye mishono, ila huhitaji kurudiwa. Kwa gari inayoguswa na maji ya chumvi kila wiki, sisi tunachagua lanolini. Zile dawa za asidi ya fosforiki za kugeuza kutu ni nzuri kwa nje unapoona na kuosha. Ndani ya boriti huwezi kujua imefika wapi, na asidi iliyobaki kwenye mshono inakula chuma kizima.

Vipimo: kwa Prado, lita 5 hadi 6 kwa mikono miwili, yaani kupiga mara mbili, ndani ya boriti na pau zake tu. Suzuki Samurai au Escudo ya zamani hutosheka na lita 3 hadi 4. Kama dawa ni nzito, tieni kopo kwenye ndoo ya maji ya moto dakika 20, msiipashe jikoni.

Mrija wa kupigia uwe wa nailoni wa milimita 6 hadi 8, wenye ncha inayorusha pande zote. Asiye na ncha hiyo achukue bomba la shaba la milimita 8, azibe mwisho wake, atoboe kuuzunguka vitundu sita vya milimita 1. Presha ya kompresa iwe kati ya paundi 60 na 80. Ingizeni mrija mpaka mwisho *kabla* ya kufungua, mtie alama ya utepe pale unapoingilia, kisha mfungue na kuuvuta polepole, hatua ya sentimita 30 kwa sekunde tatu au nne. Anayefungua huku anasukuma humaliza dawa mita ya kwanza na kubakisha kwingine kukavu. Rudieni kwa kila tundu. Mtajua imetosha ikianza kudondoka kwenye mishono.

Kabla ya kupiga, funikeni diski za breki, ekzosti na bushi za mpira. Mafuta huvimbisha mpira wa asili. Baada ya saa 24 pigeni mkono wa pili. Siku inayofuata pitisheni waya tena kwenye kila tundu ya chini, kwa sababu nta huziba, na boriti isiyotoa maji huwa birika. Vizibo vya pembeni na vya juu virudi. Tundu za chini zibaki wazi milele. Kila mwaka kabla ya masika ongezeni mkono mmoja, nusu ya kipimo.

Land Rover 110 yangu hubeba karafuu, na ndani ya chesisi mna udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Kuna kijana kaniambia nitie waya wa chuma kwenye drili nizungushe ndani. Ni salama?
*Mkulima, Wete*

Mbinu ni ya kweli na inafanya kazi: kipande cha waya wa kusokotwa wa milimita 6, ncha imefumuliwa, kikizungushwa na drili huchapa kuta za boriti na kubomoa udongo na magamba. Lakini si kwenye 110 kabla hujatazama. Land Rover hizo hupitisha nyaya za taa za nyuma *ndani* ya boriti. Waya wako ukizikuta, utazing'oa zote kwa sekunde moja. Tafuta kwanza nyaya zinaingilia wapi karibu na injini na kutokea wapi nyuma. Boriti yenye nyaya ilainishe kwa maji tu, siku mbili au tatu, ukiloweka asubuhi na jioni. Ile nyingine, chapa kwa mwendo mdogo wa drili, umevaa miwani na glavu.

Halafu itazame sana pau ya nyuma kabisa, ile ya kufungia kamba ya kuvutia. Kwenye Land Rover kutu huanza hapo. Bodi yake ni ya alumini haioti kutu, na ndiyo maana wenye gari hizi hudanganyika wakadhani chini nako ni vivyo hivyo.

Babu zetu walipaka oili chafu na gari zikadumu. Kwa nini mnatutia gharama?
*Fundi, Mwanakwerekwe*

Oili chafu inafukuza maji, hilo hatukatai. Lakini mzee wangu, oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi za moshi, masizi na maji, ni nyepesi, na bamvua mbili zinaimaliza. Inavimbisha bushi, inadondoka ardhini juu ya visima vyetu, na kwa ngozi ya anayeipiga kila siku ni sumu yenye kuleta saratani. Kama mfuko hauruhusu lanolini, nunua oili mpya ya gia, ile nzito ya 90, uipige kwenye boriti iliyooshwa na kukauka, urudie kila baada ya miezi sita. Boriti safi yenye oili ya gia itaishi kuliko boriti chafu yenye dawa ya bei ghali.

Pikapu yangu hubeba mwani mbichi. Imepakwa lami nzito chini yote. Inatosha?
*Chwaka*

Haitoshi, na huenda inadhuru. Maji ya mwani hushuka kupitia sakafu ya bodi hadi juu ya boriti na kuingia ndani. Lami iko upande wa pili. Ikipasuka mahali, maji huingia chini yake na kutu husafiri imejificha. Gonga kwa nyundo ndogo: palipolia kama chuma pana uzima, palipolia bubu bandua uone. Weka turubai la kipande kimoja ndani ya bodi ya pikapu, kingo zipande juu, ili maji yatokee nyuma.

Nataka kuagiza Hilux kutoka Japani. Toyota nayo inaoza chesisi?
*Chake Chake*

Inaoza. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa hadi dola bilioni 3.4. Japani nako, mikoa ya theluji kama Hokkaido humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari ya huko inaweza kushuka meli bandarini tayari imekwisha kuumwa. Mwombe muuzaji picha nne: pau ya nyuma kwa chini, boriti juu ya ekseli ya nyuma kila upande, na ndani ya tundu moja kubwa kwa kamera ya mrija, zile nyembamba zinazounganishwa na simu. Rangi nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari ya miaka kumi na tano isikufurahishe. Muulize imefunika nini. Akikataa picha ya ndani ya tundu, tafuta gari nyingine.