Jibu: Mume wangu nesi akitoka zamu hasemi na mtu

Dada, umeuliza kama ni kiburi au ugonjwa, kwamba tangu wodi yao ianze kupokea wagonjwa wa kipindupindu mumeo anafika nyumbani, anaoga, anakaa kimya hadi usingizi umchukue. Kiburi sicho.

Mimi pia ni nesi hapa Nairobi. Machi 2020, korona ilipothibitishwa nchini, nilikuwa nashuka matatu kituo kimoja kabla ya kwetu ili majirani wasione sare. Wagonjwa sikuwaogopa sana. Niliogopa kumpelekea mama ugonjwa. Na kulikuwa na ile ya kufunga mwili wa mtu ambaye jamaa zake hawakuruhusiwa hata kumuaga. Hiyo bado hunirudia.

Kwa hiyo usimlazimishe asimulie. Wengi hudhani ukimkamua mtu yote usiku huohuo atapona, lakini hata Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Mpe chai, kaa karibu, watoto wasimrukie kwanza. Akitaka kusema, atasema. Mwenzake wa zamu husaidia kuliko sisi wa nyumbani, usione wivu akimpigia simu saa nne usiku.

Ila akianza kunywa ili alale, au akisema heri asingekuwepo, usingoje na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mathari, hospitali ya afya ya akili hapa Nairobi, wanahudumia, na si ya "wendawazimu" kama watu wanavyopenda kusema.

Zamu zake ni za saa ngapi, na anapata siku ya kupumzika kweli?