Mtutu Umefika Mlangoni, Risiva Imegoma

*Jambo Mzee wa Kaunta. Mimi mtu wa Uvira. Nilikaa Davenport, Iowa, miaka 6, na mwezi wa tatu mwaka huu nikahamia ng'ambo ya mto, Moline, Illinois, kufuata kazi. Nina grini kadi. Ninawinda kulungu kwa shotgani ya kukokiwa kwa mkono, Remington 870. Juzi niliagiza kwa intaneti mtutu wa pili, wenye mifuo ndani, wa kupigia slagi (risasi moja nzito ya shotgani). Nikaongeza risiva (kiunzi kinachoshika vipande vingine vya bunduki) ya AR-15, ile raifo inayojikoki, na magazini ya risasi 30, maana nataka kujiundia raifo polepole kama wenzangu wa Iowa. Mtutu umeletwa mlangoni kama jozi ya viatu. Hivyo vingine duka limefuta oda na kunirudishia pesa, bila neno. Shemeji yangu bado yuko Davenport, mwendo wa dakika 10. Niagize kwa jina lake, kisha nivuke daraja kuvichukua? Msimu wa kulungu ni mwezi ujao.*
*Msomaji, Moline*

Usivuke, ndugu yangu. Mimi ni wa Kigoma, tumekunywa maji ya ziwa moja, na wewe unajua vizuri kwamba ng'ambo ni nchi nyingine hata kama unaona moshi wa jiko la jirani. Mto Mississippi kwa jambo hili ni vilevile. Nilisimama kaunta ya duka la silaha upande wa Iowa miaka 9, na sijui ni wangapi waliokuja na swali lako hili hili, wengi wakiwa wameshalipa.

Anza na mtutu, maana ndio uliokuchanganya. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya mwaka 1968 ina jambo la ajabu: ukiifungua bunduki vipande vipande mezani, kipande kimoja tu ndicho bunduki. Ni ile fremu au risiva, yenye namba ya silaha. Mtutu, kitako na kifyatulio ni vyuma na mbao tu, ndiyo maana mtutu ulikuja kwa gari la vifurushi bila fomu wala swali. Lakini usiufunge kabla ya kuupima. Mtutu wa shotgani usipungue inchi 18, na bunduki nzima isipungue inchi 26, la sivyo umejiundia silaha inayotakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya 1934. Pima hivi: hakikisha haina risasi, funga boliti, ingiza kijiti kutoka mdomoni mpaka kigote kwenye boliti, tia alama, kitoe, kipime. Usipime kwa nje. Mtutu wa dukani wa 870 kwa kawaida hauna tatizo. Wasiwasi wangu ni kwa wenye misumeno.

Risiva sasa. Hapo kuna makufuli mawili, na ukifungua moja lingine linabaki. La kwanza ni la shirikisho: muuzaji mwenye leseni anaweza kumuuzia mtu wa jimbo jingine raifo au shotgani nzima, sheria za majimbo yote mawili zikikubali, lakini risiva tupu si raifo wala shotgani, kwa hiyo duka la Davenport haliwezi kukukabidhi wewe wa Moline. La pili ni la Illinois. Tangu Januari 10, 2023 jimbo hilo limepiga marufuku uuzaji wa silaha za jamii ya AR, na risiva yake imo. Utasikia watu wakisema sheria hiyo imefutwa. Jaji mmoja wa shirikisho alisema kweli, Novemba 2024, kwamba inakiuka katiba. Mahakama ya rufaa ikaisimamisha hukumu yake, na sheria ikaendelea kutumika. Mwenye duka anafuata hilo, hafuati maneno ya kijiweni.

Magazini si bunduki kwa shirikisho. Kwa Illinois ina kikomo: risasi 10 kwa bunduki ndefu, 15 kwa bastola. Iowa haina kikomo. Ukiinunua Davenport na kuipakia kwenye buti, kosa linaanza katikati ya daraja. Na AR yenyewe ungeifanyia nini? Kulungu wa Illinois huwezi kumwinda kwa raifo inayojikoki; tangu 2023 wameruhusu raifo za risasi moja moja za aina fulani tu, shotgani nayo inaruhusiwa, na tayari unayo.

Kuhusu shemeji, ninakuomba usimtaje tena. Fomu ya shirikisho, namba 4473, inamuuliza anayenunua kama yeye ndiye mnunuzi wa kweli. Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia, alimnunulia bastola ya Glock mjomba wake wa Pennsylvania (Kiingereza hakitofautishi mjomba na baba mdogo, basi tuseme mjomba). Wote wawili walikuwa watu safi, na mjomba naye alihakikiwa alipokabidhiwa. Bado Mahakama ya Juu, mwaka 2014, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema aliyejaza kwamba ananunua kwa ajili yake mwenyewe alidanganya. Abramski alikuwa raia. Wewe una grini kadi, na sheria ya uhamiaji inahesabu kutiwa hatiani kwa kununua au kumiliki silaha isivyo halali kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, hata ikiwa ni kipande tu ambacho kisheria ndicho silaha. Yaani ile risiva.

Lakini mimi kilichonikosesha usingizi ni jambo ambalo hukuuliza. Umesema ulihamia mwezi wa tatu na sasa msimu uko karibu. Illinois inamtaka mkazi awe na kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mwenye silaha, inayotolewa na Polisi wa Jimbo, ili amiliki hata hiyo 870 na risasi zake. Mgeni aliyehamia hupewa siku 60. Zako zilikwisha hata kabla ya kiangazi! Kama huna kadi, achana na AR, achana na magazini, omba kadi leo. Ada ni dola 10. Na kabla hujaihamisha shotgani kokote, hata kwa nia njema, zungumza na mwanasheria anayejua silaha na uhamiaji pia.

Siku utakayonunua kwa njia ya kaunta, kuna mitego miwili midogo. Fomu 4473 inauliza kaunti unayoishi. Kwa Kiingereza "kaunti" na "nchi" (county, country) vinapishana herufi moja. Mimi mara yangu ya kwanza niliandika Tanzania, kwa mwandiko mzuri kabisa, na yule kijana wa kaunta akaniuliza kama nitaibeba bunduki kwa miguu. Wewe andika Rock Island. Mtego wa pili ni bangi. Illinois imeihalalisha tangu Januari 1, 2020, lakini fomu ni ya shirikisho, na inasema waziwazi kwamba kwa shirikisho bado ni haramu hata kama jimbo limeruhusu. Mvutaji akijaza "hapana" amedanganya. Baada ya hapo Illinois itakusubirisha saa 72 kabla ya kukabidhiwa.

*Mzee, nakwenda Nakuru Desemba. Mjomba ameniomba mtutu wa raifo yake ya leseni. Umesema mtutu si bunduki. Nitie kwenye begi?*
*Msomaji, Dallas*

Si bunduki ukiwa Dallas, dada yangu. Ukipita uwanja wa ndege unakuwa bidhaa ya kusafirisha nje, na mtutu kwenda Kenya huenda ukahitaji leseni ya Wizara ya Biashara ya Marekani; na Kenya nako mjomba ashughulikie kibali cha kuingiza kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Yeye ndiye aanze. Wewe mpelekee viatu.