Uzio wa mbao uani: nguzo, mchwa na mlango

Nataka kuziba uani, urefu wa mita 20, watu wa njiani wasituone. Ninunue nini? (Morogoro)

Mbao nyingi huuzwa kwa urefu wa futi 12, kwa hiyo panga uzio kwa kipimo hicho usitupe vipande. Weka nguzo kila baada ya futi 6 (mita 1.83): nafasi 11, nguzo 12 za futi 8. Mbao moja ya mlalo hufunika nafasi mbili. Mistari mitatu inakula mbao 17 za inchi 2 kwa 3. Viungo vyake visikutane vyote kwenye nguzo moja. Mbao za kusimama ni za inchi 1 kwa 6, kila moja ikatwe vipande viwili vya futi 6. Mita 20 zinahitaji vipande 134, yaani mbao 67. Chukua 74, maana hazikosi zilizopinda. Kila kipande kinapigwa misumari 6, miwili kwa kila mlalo, kwa hiyo andaa 800 na ushee, ya zinki kama uko pwani.

Kabla ya yote, tafuta bikoni (alama za mpaka) za kiwanja. Mashimo yakae ndani ya mpaka wako, na bikoni isiguswe.

Uzio wangu umelala upande baada ya masika. Fundi alichimba futi 1. (Kigamboni)

Futi 1 haitoshi hata kidogo. Uzio uliozibwa kabisa hushika upepo kama tanga, na nguvu yote huishia mguuni mwa nguzo. Sehemu inayozikwa iwe theluthi ya kimo kinachoonekana: futi 2 kwa uzio wa futi 6. Kwenye mchanga kama wenu ongeza nusu futi au zaidi, na ununue nguzo za futi 9.

Shimo liwe na upana wa sentimita 30, chini yake kokoto sentimita 10 za kupitisha maji. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mfuko wa kilo 50 unatosha nguzo 4 hivi. Anza na nguzo mbili za mwisho, vuta uzi kati yake, kisha pima kila nguzo kwa timazi pande mbili.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: zege lazima liishie juu kidogo ya ardhi, likiteremka kutoka kwenye nguzo. Likiacha kijishimo, maji husimama na nguzo huozea pale pale usawa wa ardhi, huku juu na chini bado ni nzima. Usipige misumari kabla ya siku 3. Nyundo hulegeza zege bichi.

Oili chafu inazuia mchwa? (Dodoma)

Haitoshi. Hukaa juu juu ya mti, mvua huiosha, nayo huchafua udongo na kisima. Nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Ukilazimika kukata, upande uliokatwa uwe juu, kwa sababu dawa haifiki kwenye kiini. Mabaki yasichomwe jikoni kamwe. Dawa hizo huweza kuwa na aseniki. Mbao za kusimama ziishie sentimita 5 juu ya ardhi: mchwa akipanda nguzo hujenga kijia cha udongo, utakiona mapema ukibomoe.

Mbao zilipigwa zikigusana, sasa zimeacha nyufa. (Iringa)

Zilipigwa mbichi. Mbao husinyaa kwa upana. Usiubomoe uzio, ziba kila ufa kwa kibao cha inchi 2, ukipigilia kwenye mbao ya upande mmoja tu. Ukipigilia pande zote mbili, kibao kitapasuka mbao zikitanuka masika.

Mlango wa uani umeshuka, unakwaruza chini. (Tanga)

Angalia mbao ya mshazari. Lazima ianzie chini upande wa bawaba, ipande hadi juu upande wa komeo, ili uzito uisukume kuelekea bawaba ya chini. Ikigeuzwa, uzito unaivuta na misumari inachomoka.

Sina fedha za mbao. Minyaa itafaa? (Singida)

Itafaa, ila ngoja miaka miwili au mitatu izibe. Kata vipande, vianike kivulini siku kadhaa jeraha likauke, kisha panda kila sentimita 20. Vaa miwani na glavu: utomvu wake jichoni huumiza vibaya, na watoto wasiuchezee.